Saisi wa Isevya

Tabora farasi hadumu.
Mbung'o wa miombo humngoja tangu Manyoni,
na kabla ya masika ya pili singa zimelala,
mnyama wa thamani ya nyumba ni kitoweo cha fisi.
Ndiyo maana babu Mihayo, aliyekuwa saisi,
alirudi Isevya bila farasi:
na brashi, na hatamu moja ya ngozi,
na mguu wa kushoto uliokanyagwa na kwato
mwaka ambao hakuutaja.

Jioni aliipaka hatamu mafuta ya nyonyo.
"Ya nini, babu?"
"Isikauke."
Hatukuwa na cha kufunga nayo.
Mbuzi alikuwa mmoja, tena wa shangazi Kalunde.

Alinisimulia mara moja tu, umeme umekatika:
alivyomwongoza farasi mweusi Dar es Salaam
mbele ya jeneza la mkubwa fulani,
tandiko tupu, upanga ubavuni,
na viatu vya marehemu kwenye vikuku,
visigino mbele, vidole nyuma,
kana kwamba mwenyewe amegeuka
kuwatazama wanaobaki.
Tarumbeta zililia. Wake wa wakubwa walilia.
"Na farasi?"
"Farasi hajui nani kafa.
Anajua mgongo ni mwepesi
na bado anaambiwa atembee polepole."

Alikufa Juni, wajomba wakiwa Urambo
wanagombana na mizani ya tumbaku.
Cheo hakuwa nacho. Bendera, hapana.
Ndani ya kisanduku cha brashi, chini ya hatamu,
tulikuta karatasi, mwandiko wake:
*Kama itawezekana.*
Basi. Hakumalizia.

Kalunde ndiye aliyeielewa.
Alikwenda kwa Mrisho muuza maji
akamkodi punda wake, Deni, kwa bei ya madumu sita.
Baba mdogo Gervas akaruka:
"Punda msibani? Mji mzima utatucheka!"
Katekista Leonsi akakohoa, akasema
kitabu chake hakimkatazi punda,
kinamtaja, tena kwa wema.

Tukamvua madumu.
Tukamtandika blanketi la babu, lile la kijivu.
Hatamu ikamwenea baada ya matundu mawili ya msumari.
Vikuku tulivifanya kwa kamba ya katani,
tukatumbukiza humo buti zake za mpira,
visigino mbele.
Tope la mchicha lilikuwa bado kwenye nyayo.

Nilimwongoza mimi.
Watoto walicheka hadi kona ya mashine ya kusaga,
kisha, sijui kwa nini, wakanyamaza.

Kwenye bomba la Kanyenye
Deni akasimama.
Ndipo anaposimama kila siku ya Mungu.
Sikumvuta.
Nyuma yangu jeneza likasimama,
kwaya ikakatika katikati ya ubeti,
bodaboda mbili zikazima injini,
mama aliyekuwa akikinga ndoo akafunga koki,
na muuza nyanya, akidhani ndivyo itifaki ilivyo,
akavua kofia.
Koki ile haifungi vizuri.
Tone. Tone.
Nikageuka: Gervas kainamisha kichwa,
mabega yanatikisika,
na mpaka leo sijamuuliza kama kilikuwa kicheko.

Kisha punda akaenda, kwa hiari yake,
nasi tukamfuata.

Usiku Mrisho akimrudishia madumu,
maana watu wa matanga wanakunywa maji,
aliniambia: "Umemwona alivyokuwa akiyumba?
Kama mlevi.
Toka nimnunue hajawahi kutembea mtupu."

Hatamu aliiomba. Nikamwambia, bado.

Buti anavaa Kalunde, alfajiri,
akimwagilia mchicha.
Zinampwaya.
Vidole mbele.